Anayefua ovaroli naye ahesabiwe

Mhariri,

Mimi ni mfuaji wa nguo katika chuo kimoja hapa Nairobi kinachofundisha mambo ya udaktari wa mifugo. Chuo sikitaji, kwa sababu bado ndipo ninapopatia ugali wangu, na pia kwa sababu sidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Nimefua ovaroli, aproni na vitambaa vya meza za upasuaji kwa miaka 19, mitatu ya kwanza nikiwa kibarua. Desemba hii ninastaafu. Kabla sijarudisha funguo za chumba cha dobi, naomba nafasi niseme juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo wiki mbili zilizopita.

Karatasi hiyo ni orodha ya watu watakaochanjwa mwaka huu kujikinga na kichaa cha mbwa. Wahadhiri wamo. Mafundi wa maabara wamo. Wanafunzi wanaoingia kliniki wamo, na wahudumu walioajiriwa kwa kudumu wamo. Niliisoma mara tatu nikifuata majina kwa kidole. Hayumo hata mmoja wa vijana wanne wanaoosha vizimba vya mbwa. Hayumo mlinzi wa usiku, ambaye watu humletea langoni mbwa waliogongwa na magari, saa nane, saa tisa za usiku. Hayumo yule anayesukuma mikokoteni ya mizoga hadi kwenye tanuri la kuchomea. Wala hayumo msichana ninayefua naye. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kabisa: "Mama, hao ni vibarua. Pesa iliyotengwa ni ya wa kudumu."

Naomba msomaji aone jinsi mbwa mgonjwa anavyoshikwa, kwa maana wengi hawajawahi kuona. Daktari husimama upande wa mguu, na sindano. Mwanafunzi husimama nyuma yake na daftari. Kijana wa vizimba ndiye anayemkumbatia mbwa: mkono mmoja umepita chini ya shingo na kuvuta kichwa kifuani kwake, mwingine umezunguka tumbo, na shavu lake liko karibu na meno ya mbwa kiasi cha upana wa kiganja. Mbwa akigeuka, wa kwanza kuumwa ni huyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hatuna tena la kufanya ila kungoja kifo chake. Nchi yetu imejiwekea shabaha kwamba ifikapo 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu unaotoka kwa mbwa. Sasa tutafikaje huko ikiwa anayemshika mbwa kichwa kila siku ya Mungu hayumo kwenye orodha?

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili, na sababu yenyewe iko kwenye kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia.

Ilikuwa Jumatatu ya mwaka wangu wa pili. Mashine ya kufulia hatukuwa nayo, tulikuwa na mabeseni na karo mbili za saruji. Wanafunzi walikuwa wametoka Kajiado kwa mfugaji ambaye mbuzi wake walikuwa wakitupa mimba mmoja baada ya mwingine. Ovaroli zililetwa ndani ya gunia, zimekakamaa kwa damu na maji ya uzazi yaliyokauka, zinasimama kama mbao. Nilifanya kama siku zote, nikatia mkono mifukoni kutoa kalamu na vikaratasi kabla ya kuloweka. Kitu kikanichoma kwenye kiungo cha pili cha kidole. Nilipotoa mkono nikaona bomba la sindano, kifuniko kimepasuka, ndani kumebaki maji mekundu kidogo. Nikafanya nilichokuwa nikimwona mama yangu akifanya nilipokuwa mdogo: nikakitia kidole mdomoni, nikanyonya, nikatema. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo ni kosa, kwamba kidole hukingwa kwenye maji yanayotiririka na kuoshwa kwa sabuni. Nikakifunga kwa kitambaa nikaendelea, maana ovaroli zilikuwa arobaini na kitu.

Nilimwambia msimamizi. Alisikitika, akanitafutia bandeji. Daftari la ajali lilikuwepo, lakini lilikuwa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa likizoni. Basi haikuandikwa. Sikuulizwa ni ovaroli ya nani, wala hakutafutwa mtu wa kusema ile sindano ilitoka kwa mnyama gani au ilikuwa na dawa gani.

Wiki ya tatu nikaanza homa za jioni. Mchana niko sawa, jua likizama natetemeka, usiku shuka inalowa jasho hadi naikamua. Magoti na mgongo vikawa vya bibi kizee, nami nilikuwa na miaka arobaini na kidogo tu. Zahanati ya mtaani ikanitibu malaria. Haikupoa, ikanitibu taifodi. Miezi miwili nikaenda hivyo, na kila siku niliyolala nyumbani haikulipwa. Siku nilipofika hospitali kubwa, daktari alikuwa mama mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Unafanya kazi gani?" Halafu akauliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikamwambia maziwa kwangu huchemka hadi yafurike jikoni. Akapima damu, ikawa brusela, ule ule ugonjwa unaofanya mbuzi na ng'ombe kutupa mimba. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini wiki sita, kwa pesa yangu. Kama ni sindano iliyoniambukiza, au ni yale maji yaliyokauka kwenye ovaroli na kunirukia usoni nilipozikung'uta, daktari hakuweza kusema. Na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, sikuwa na la kudai mbele ya mtu yeyote. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ilikuwa imepitishwa mwaka 2007, lakini sheria itakusaidiaje bila daftari?

Kabla sijapona, kijana mmoja wa mwaka wa nne alikuja akasimama mlangoni pa dobi. Akasema, "Mama, nadhani ile sindano ilikuwa yangu." Alilia. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamwambia anieleze, na alichonieleza nimekibeba hadi leo. Kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa kwenye gari, na gari liliegeshwa mbali na zizi kwa sababu ya matope. Mbuzi alikuwa anapiga teke, mwingine tayari ameshaingizwa, mwalimu anaharakisha kwa kuwa jua lilikuwa linawaka. Akatia sindano mfukoni, ili aitupe baadaye. Sijamlaumu kijana yule hata siku moja. Mtu aliyeshika mbuzi kwa mkono wa kushoto hawezi kutembea hatua mia kwenda kutupa sindano. Aliyepaswa kuulizwa ni aliyepanga kazi ile bila kufikiria sindano itakwenda wapi ikishatoka kwenye shingo ya mbuzi.

Nilipoajiriwa kwa kudumu nilichaguliwa kuwawakilisha wafanyakazi kwenye kamati ya usalama na afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao ndani yake. Mwanzoni nilikaa kimya. Walizungumza juu ya mabango na mitungi ya kuzimia moto, mambo mazuri, lakini si yale niliyokuwa nikiyaona kwenye karo. Basi nikaanza kuweka kila nilichotoa mifukoni ndani ya kopo la plastiki la mafuta ya kupikia. Muhula ulipokwisha nililichukua kopo, nikalifuta, nikaliweka juu ya meza ya mkutano. Zilikuwamo sindano 11, visu viwili vya upasuaji na chupa moja ya damu isiyo na jina.

Mfamasia wa chuo ndiye aliyevunja ukimya. Aliinua bomba moja kwa koleo, akaliangalia kwenye mwanga, akasema kuna dawa inaitwa tilmikosini, hutibu mapafu ya ng'ombe, na ikimwingia binadamu hushambulia moyo, tena haina dawa ya kuizimua. Akasema pia kuna zile homoni za kuwaleta ng'ombe kwenye joto, prostaglandini, ambazo hupenya ngozi na zinaweza kumfanya mwanamke apoteze mimba. Wakati huo niliyefua naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipotoka mkutanoni nilimwondoa kwenye ovaroli za kliniki siku hiyo hiyo, nikampa mapazia.

Pendekezo langu lilikuwa moja: mifuko ishonwe. Walipinga kidogo, na walikuwa na haki, maana mwanafunzi anahitaji pa kutia kipimajoto na kalamu. Tukakubaliana mfuko mmoja wa kifuani ubaki, ufupishwe mpaka sindano isiweze kusimama ndani yake, na ile ya mapajani na ya nyuma ifungwe kabisa. Fundi wa Kawangware alizishona ovaroli zote kwa siku nne. Pamoja na hilo, kisanduku cha njano cha sindano kikafungwa kwa mkanda kwenye nguzo ya krashi, ule uzio mwembamba wa kumbania ng'ombe anapotibiwa, mkono unapofika bila mguu kusogea, na wakaenda shambani na vingine vidogo vya kuning'inia kiunoni. Wanafunzi wakakatazwa kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, kwa kuwa wengi hujichoma hapo hapo. Muhula uliofuata nilipata sindano moja tu. Iliponitia hofu hiyo moja, mwalimu wao aliwarudisha wote darasani.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakisikia usalama kazini hufikiria glavu. Mimi nazipenda glavu. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayelowana au anayeshika vitu vya kudhuru mavazi yanayofaa ya kujikinga, na kwangu glavu nene za kufika kwenye kiwiko na gambuti nilizipata kwa kutaja sheria hiyo. Lakini sindano hupita kwenye glavu. Mfuko ulioshonwa hauna sindano. Ukiweza kukiondoa kitu chenyewe, kiondoe kwanza, halafu ndipo uvae.

Mengine tulirekebisha taratibu. Zamani wanafunzi walikwenda na ovaroli zao nyumbani. Nimewaona kwenye matatu jioni, gambuti ndani ya mfuko wa karatasi, na damu ya ng'ombe kwenye ndoo ile ile anayofulia nguo za mtoto wa dadake. Sasa ovaroli haivuki lango, chuo kinafua zote. Zile za chumba cha kupasulia mizoga zina kikapu chake chekundu, hazikung'utwi, huingia kwenye dawa kabla sijazigusa. Mzoga ukishukiwa kuwa na kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumuua hata binadamu, haupasuliwi mpaka damu kidogo ya sikioni iangaliwe kwenye darubini. Hilo nimelifahamu kwa kuwa siku moja niliuliza mbona kikapu ni kitupu, nikaambiwa tulia, leo hatufungui kitu.

Katika mafunzo moja mhadhiri alitueleza kwamba homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2006 na 2007 iliua watu wengi hasa kaskazini mashariki, ilitambuliwa mara ya kwanza na watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete, walipochunguza kondoo waliokuwa wakifa karibu na Naivasha. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1931. Akasema walioshughulikia kondoo wale na viungo vyao waliugua pia. Nilinyoosha mkono nikauliza: na waliowafulia nguo? Alifikiri, akasema hajapata kuona mahali walipoandikwa.

Sasa narudi kwenye karatasi ya ubaoni. Mkuu wetu si mtu mbaya, na najua fungu la fedha ni dogo. Lakini ile sheria ya usalama kazini ya 2007 inamwajibisha mwenye mahali pa kazi kwa usalama wa watu wote wanaofanya kazi pake. Haikusema wa kudumu. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Mmoja wa vijana wa vizimba amekuwa nasi zaidi ya miaka miwili. Anajua mbwa yupi anauma kuliko madaktari wenyewe, na wanafunzi humwendea kujifunza kumfunga mbwa mdomo kwa bandeji.

Nimefanya hesabu. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili, wiki moja kati yao, kwa mtu anayekingwa kabla ya kuumwa. Watu walioachwa ni saba. Ni dozi 14. Mtu ambaye hakuchanjwa akiumwa huhitaji sindano nyingi zaidi, na kidonda kibaya huhitaji pia ile dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe, ambayo ni ghali na si kila hospitali huwa nayo.

Ombi langu la pili ni kwa wanaokagua. Sheria inataka mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka. Kwetu mgeni wa ukaguzi hupokewa ofisini, hupewa chai na mafaili, kisha huonyeshwa maabara, ambayo kwa kweli ni nzuri. Namwomba aingie kwa lango la nyuma. Aanzie dobi, aende vizimbani, chumba cha baridi cha mizoga, amalizie kwenye tanuri. Amuulize kila anayemkuta: ukijichoma sasa hivi, unakwenda wapi, na daftari la ajali liko wapi? Kama mtu anajibu akionyesha kwa kidole, hapo pana usalama. Kama anasema aulizwe msimamizi, mkaguzi aandike hivyo. Siku hizi daftari letu linaning'inia kwa kamba ukutani kando ya karo yangu, na kalamu yake.

Jumatatu hii nilifika kazini saa kumi na mbili kasorobo. Mlinzi wa usiku alikuwa ananingoja mlangoni pa dobi, mkono wa kulia umefungwa kwa skafu yake. Saa nane za usiku alikuwa ameletewa mbwa aliyegongwa Waiyaki Way, na alipomteremsha kwenye buti la gari, mbwa kwa maumivu akamdaka kifundoni. Alikuwa amesuuza kwa maji ya chupa tu. Nilimpeleka kwenye mfereji, nikampa kipande cha sabuni, nikaweka saa ya simu dakika 15, nikasimama naye mpaka ikalia. Matundu mawili, moja limeingia kwa kina. Nikamwandika daftarini, jina, saa, mbwa wa rangi gani, nani aliyemleta, kisha akaondoka kwenda hospitali. Mbwa yule amefungiwa peke yake, anaangaliwa kwa siku 10.

Sindano ya kwanza amelipa mwenyewe, kwa pesa aliyokopa kwa vijana wa vizimba. Ya pili ni Alhamisi, siku ile ile kamati yetu inapokutana. Nimemwomba akitoka hospitalini apitie mkutanoni na risiti zote.

Mama wa Dobi,
Kangemi, Nairobi